Je, ni karuho ao ni mawe ya nyongo?



Mwezi huu sitazungumza juu ya ndoa wala juu ya mahari. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, chenye ukubwa wa punje ya muhindi, ambacho kilikaribia kuvunja kanisa letu. Nitasema pia kosa langu mwenyewe, ili wewe usilifanye.

CHAKULA CHA MATANGA

Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa Umoja wa Wamama, mzazi wa watoto saba, alikula kwenye matanga kwa jirani yake. Jirani huyo alikuwa mjane aliyekimbia vita toka upande wa Walikale, akapanga nyumba kwetu. Walipika maharagi, sombe yenye mawese mengi, na nyama ya mbuzi. Usiku mama akashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kuume. Yakapanda mpaka kwenye bega. Akatapika. Kufika asubuhi yakatulia.

Juma la pili, nyuma ya chakula kingine cha mafuta, yakarudi kwa nguvu. Shemeji yake akaniita: "Pasta, hii haiko malaria. Balimulisha karuho kule ku matanga." Wakaleta mtu wa dawa za miti, akamnywesha dawa ya kutapisha. Mama akatapika maji ya manjano na kijani, machungu kabisa. Wote waliokuwa pale wakasema: "Munaona? Sumu njo hii inatoka!"

Mimi nilikuwa pale. Niliomba, nikasema amina, nikarudi nyumbani. Juu ya yule mjane sikusema neno hata moja.

Siku ya tatu macho ya mama yakageuka manjano. Mkojo ukawa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Homa ikamshika, ikamtetemesha hata kitanda kikalia. Na usiku ule ule vijana, wengine wao ni waimbaji wetu wa Siku ya Mungu, wakaenda kupiga mawe nyumba ya mjane. Akakimbia gizani na watoto wake wanne, akaacha hata sufuria juu ya moto.

Asubuhi muuguzi wa kituo cha afya alikuja akamtazama mgonjwa macho, akamgusa tumbo, akaniambia: "Baba Mchungaji, huyu mama njia yake ya nyongo imeziba. Akibaki hapa, anakufa." Vijana wale wale waliopiga mawe ndio waliobeba tipoyi. Hopitalini wakamfanyia eko, wakaona mawe. Kwa sababu tulichelewa na usaha ulikwisha kuingia, ilikuwa lazima kumpasua haraka kwa mkato mrefu. Walitoa mawe kumi na saba. Alilala hopitalini majuma matatu, na miezi miwili hakushika jembe. Bwana asifiwe, yuko mzima mpaka leo.

Dokta alitia yale mawe ndani ya chupa ndogo, akanipa mkononi. Akasema: "Karuho yenu ni hii."

NYONGO INAPITA WAPI?

Ini lako linatengeneza nyongo kila siku, kadiri ya nusu litre mpaka litre moja. Chini ya ini kuna mfuko mdogo unaoweka akiba, kama vijiko vitatu vya mezani. Ukila chakula chenye mafuta, mfuko unajikaza na kumwaga nyongo kupitia mrija mwembamba mpaka kwenye utumbo, ili mafuta yayeyushwe. Mrija huo, kwa mtu mzima mwenye afya, haupiti unene wa kalamu ya Bic.

Ninyi wa Rubaya na wa Bisie mnafahamu maji ya kuoshea madini. Jiwe moja likikaa vibaya kwenye mfereji mwembamba, maji yanarudi nyuma na kuharibu kazi yote. Ndivyo ilivyo ndani ya tumbo. Nyongo ikiwa na kolesteroli nyingi, ao damu ikivunjika kupita kiasi, mawe yanajitengeneza ndani ya mfuko polepole, kwa miaka. Watu wengi wanayo wala hawajui, na kama hayaleti taabu, kwa kawaida hakuna haja ya kuwapasua. Taabu inaanza wakati jiwe linapoziba mlango wa mfuko, ao linapotoka na kukwama kwenye mrija.

Sasa angalia vizuri habari ya mama yetu. Kwa nini maumivu yalikuja nyuma ya chakula cha matanga? Kwa sababu mawese na nyama viliamuru mfuko ujikaze, na jiwe likaziba mlango. Na yale maji machungu ya manjano na kijani aliyotapika? Ilikuwa ni nyongo yenyewe. Mtu ye yote mwenye tumbo tupu akitapishwa kwa nguvu atatoa maji yale yale. Mimi nitayatoa, na wewe utayatoa. Kumbe tulifukuza mjane kwa ushahidi ambao kila mmoja wetu anao ndani ya tumbo lake.

Sisemi kwamba hakuna mtu mbaya awezaye kutia sumu. Nasema kwamba rangi ya matapiko si shahidi.

NI NANI ANASHIKWA ZAIDI?

Wanawake wanashikwa kupita wanaume, zaidi wale waliobeba mimba nyingi. Watu wanene, na wale wanaokonda kwa ghafula, nao pia. Umri ukipita miaka arobaini, hatari inazidi.

Kuna kundi lingine ambalo wazazi wanalisahau: watoto na vijana wenye ugonjwa wa SS. Damu yao inavunjika kila siku, na uchafu wake unageuka mawe ndani ya mfuko wa nyongo, hata mbele ya kufika miaka kumi na tano. Na kwa sababu macho yao ni ya manjano mara nyingi, jamaa inasema, "amezoea hivyo." Mzazi wa mtoto wa SS, ukiona manjano imezidi ile ya kawaida, pamoja na maumivu ya kuume, omba eko.

Tena kuna minyoka ya tumbo, ile mirefu myeupe. Mmoja unaweza kufika sentimetre thelathini, na mara nyingine unapanda toka utumbo na kuingia katika mrija wa nyongo. Mara nyingi dawa ya minyoka na subira zinatosha nao unatoka wenyewe, lakini si wakati wote. Kwa hiyo choo, maji safi na sabuni, hata pale kwenye kambi za wakimbizi na kwenye vijiji vya machimbo, ni ulinzi wa njia ya nyongo pia.

Na mzee akigeuka manjano pole pole bila maumivu, huku anakonda, asikae nyumbani. Pengine kuna kivimbe kinachobana mrija toka nje.

DALILI TATU ZA KUKIMBIZA MTU

Zamani, mwaka 1877, dokta Charcot wa Paris aliandika dalili tatu zinazokwenda pamoja. Mpaka leo madokta wanazitumia. Zishike kichwani:

1. Maumivu chini ya mbavu za kuume.
2. Homa ya kutetemeka.
3. Macho ya manjano.

Zikikutana zote tatu, njia ya nyongo imeziba na wadudu wa ugonjwa wameingia. Mgonjwa huyo hangoji Siku ya Mungu ipite, hangoji kikao cha jamaa. Anapelekwa siku ile ile, apewe serumu na dawa za kuua wadudu, na mrija ufunguliwe. Dalili nyingine za kuziba ni mkojo mweusi, choo cheupe kama majivu, na ngozi inayowasha mwili mzima.

Usimpe dawa ya kutapisha. Usimwingizie dawa za miti kwa nyuma. Na ile shauri ya kunywa mafuta na ndimu ili mawe yatoke? Vile vidonge laini ambavyo watu wanaona chooni ni mafuta yenyewe yaliyogandamana ndani ya tumbo. Mawe yamebaki pale pale.

KUPASUA KWA MATUNDU MADOGO

Watu wengi wanaogopa hopitali juu ya kisu. Basi sikilizeni habari hii.

Mtu wa kwanza kutoa mfuko wa nyongo wenye mawe alikuwa Carl Langenbuch, kule Berlin, mwaka 1882. Kwa miaka mia moja nyuma yake, njia ilikuwa ile moja: kufungua tumbo kwa mkato mrefu. Ndipo tarehe 12 Septemba 1985 dokta Erich Mühe, katika mji wa Böblingen, Ujerumani, akautoa kwa kupitia tundu dogo. Wenzake walimdharau. Miaka miwili nyuma, mwaka 1987, Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, alifanya kazi ya namna ile kwa kamera, na toka pale ikaenea dunia nzima.

Inafanywa namna gani? Wachimbaji, ninyi mtaelewa mbele ya wengine. Mtu anayetafuta madini ndani ya kilima habomoi kilima chote. Anachimba tundu, anaegemeza miti ili udongo usianguke, anavaa toroshi kichwani, anafika penye mshipa wa madini. Dokta naye, mgonjwa akiisha kulazwa usingizi, anatoboa matundu matatu ao manne, kila moja kama sentimetre moja ao chini yake. Anaingiza hewa ya gazi ili tumbo liinuke kama hema, na hiyo ndiyo miti yake ya kuegemeza. Karibu na kitovu anapitisha kamera yenye taa, naye anaona yote kwenye televizyo. Katika matundu mengine anapitisha vyombo vyembamba, anafunga mshipa na mrija wa mfuko, na kuutoa mfuko pamoja na mawe yake.

Utaniuliza: "Pasta, mtu anaishi bila mfuko wa nyongo?" Anaishi. Ini linaendelea kutengeneza nyongo, nayo inashuka moja kwa moja mpaka kwenye utumbo.

Faida yake ni hii: mtu wa matundu madogo mara nyingi anarudi nyumbani siku ya kwanza ao ya pili, na kazi nyepesi anaianza juma la kwanza ao la pili. Mtu wa mkato mrefu anahitaji siku nyingi hopitalini, na majuma manne mpaka sita ao kupita mbele ya kazi ngumu. Fikiri baba anayebeba mfuko wa kilo 50 toka shimoni ili watoto wale. Kwake yeye, majuma hayo ni njaa nyumbani.

Lakini tusidanganyane. Kazi hii inahitaji umeme usiokatika, oksijeni, mtu aliyefundishwa kulaza wagonjwa usingizi, na dokta aliyezoea kamera. Mara chache sana, kadiri ya watu watatu mpaka watano kwa elfu moja, mrija mkubwa unaumizwa. Na mara nyingine dokta anaona hatari, anaacha kamera na kufungua tumbo. Msimcheke. Mchimbaji anayetoka shimoni wakati udongo unalia si mwoga, ana akili.

NJIA YA KINYWA

Je, jiwe likiwa limekwisha kutoka mfukoni na kukwama ndani ya mrija? Kwa hilo kuna njia nyingine isiyopasua ngozi hata kidogo. Dokta anapitisha mpira mwembamba wenye kamera kinywani, unashuka katika tumbo mpaka pale mrija wa nyongo unapofungukia kwenye utumbo. Anapanua mlango kwa mkato mdogo, anavuta jiwe kwa kikapu kidogo ao kwa kiputo, ama anaacha mrija wa plastiki ili nyongo ipite. Mkato huo wa mlango ulianza mwaka 1974, kule Ujerumani na Japani.

Usifikiri ni kazi ya Wazungu tu. Kule Bomet, Kenya, kuna hopitali ya Tenwek. Ilianza mwaka 1937 kama nyumba ndogo ya dawa ya wamisionari. Leo, katika hopitali hiyo ya kanisa iliyo mashambani, madokta wanafungua njia za nyongo kwa kupitia kinywa.

Njia hii nayo ina hatari zake. Kwa watu wachache katika kila mia, kongosho inawaka nyuma ya kazi, na wanaumwa sana. Tena, mtu aliyeachiwa mrija wa plastiki asisahau tarehe ya kurudi. Kwa kawaida, kadiri ya miezi mitatu, unapaswa kutolewa ao kubadilishwa, la sivyo unaziba na homa inarudi.

NA SISI HUKU?

Najua mnavyofikiri: "Kenya ni mbali." Ni kweli. Mnajua barabara zetu, na mnajua vita. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-centre na Goma, na Machi mwaka ule yakafika Walikale-centre. Kuna siku ambazo hakuna gari wala moto inayopita.

Hiyo ndiyo sababu ninasisitiza: usingoje mpaka jicho ligeuke manjano. Maumivu ya kwanza nyuma ya chakula cha mafuta ni kengele. Wakati ule mgonjwa bado anatembea kwa miguu yake, na unaweza kuchagua siku ambayo barabara ni nzuri. Anza kwenye kituo cha afya. Toka pale uende hopitali kuu ya rejea, kama ni Masisi, Walikale, Mweso ao Kirotshe, uombe eko. Eko haichomi, haipasui. Ikionyesha mawe yanayoleta taabu, uliza madokta maneno matatu: Je, jiwe liko mfukoni ao mrijani? Je, inaweza kufanywa kwa matundu madogo, na ni wapi? Je, ninaweza kungoja muda gani?

Na kama matundu madogo hayapatikani karibu, usikatae mkato mrefu. Mkato mrefu uliofanywa mapema na mikono mizuri ni bora kupita matundu madogo unayoyaota huku unakufa.

Kazi ya kamera haikosekani mashariki ya Kongo yetu. Kule Bukavu, katika hopitali ya Panzi iliyoanza mwaka 1999, Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, amefanya kazi pamoja na Profesa Guy-Bernard Cadière wa Brussels, kuponya majeraha ya wamama kwa njia ya matundu madogo. Vijana mnaosoma, mnasikia? Mtoto aliyekuwa akifuatana na baba yake kuombea wagonjwa ndiye aliyepewa Nobel ya amani mwaka 2018. Tunahitaji wengine, na wengine watoke Masisi na Walikale.

Juu ya feza, jamaa na makanisa tutengeneze sanduku ya wagonjwa mbele ya ugonjwa. Tunajua kufanya likelemba ya kununua vikwembe. Tunaweza kufanya ya kupeleka mtu Goma.

KUOMBA NA DAWA

Kuna wapendwa wanaosema kwamba kwenda hopitali ni kukosa imani. Someni 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi na Mungu akamsikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa vilikutana juu ya kitanda kimoja. Someni pia amri ya tisa katika Kutoka 20, juu ya kumshuhudia jirani uongo. Amri hiyo ndiyo tuliyoivunja.

Nilichukua ile chupa ya mawe kumi na saba, nikaiweka juu ya meza ya Bwana mbele ya kanisa lote, nikasema: "Hii ndiyo sumu ya mjane. Na mimi mchungaji wenu nilinyamaza." Vijana walilia. Nyuma, mama mgonjwa alipopata nguvu, tulikwenda pamoja kumtafuta, yeye akibeba muhindi na mimi sufuria mpya. Tulimkuta kwa ndugu yake, upande wa Walikale. Mama akapiga magoti. Mjane akamwinua, akasema: "Nimekusamehe, dada. Lakini kule kwenu kurudi, hapana."

Mpaka leo hajarudi. Nyumba yake iko pale, bati lina matundu ya mawe. Tumbo la mama lilipona kwa majuma matatu. Hilo lingine tungali tunaliombea.

MAZUNGUMZO YA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, mtu akiumwa ghafula, tunatafuta kwanza kituo cha afya ao tunatafuta mtu wa kushitaki?
2. Dalili tatu za njia ya nyongo kuziba ni zipi? Kila mtoto azitaje.
3. Kuna jirani ambaye tulimshitaki bila ushahidi? Ni nani atakwenda kwake juma hili?

Bwana alinde matumbo yenu na ndimi zenu. Tutaonana mwezi ujao.

Mchungaji wenu